Msumeno wa Betri katika Kazi ya Kupaua: Uchaguzi na Matumizi Yake

Msimu wa ununuzi wa pamba huanza kwa kawaida mwezi Mei, wakati masika hayajakwisha. Ghala linalovuja wakati huo huwatia hasara wakulima wote, kwa kuwa pamba iliyolowa hushuka daraja. Kwa hiyo vyama vya msingi vya Mkoa wa Mwanza havina budi kukamilisha matengenezo ya mapaa mapema, na mara nyingi ghala liko mbali na nguzo za umeme. Hapo ndipo msumeno wa duara unaotumia betri unapofaa.

Zana za betri zilianza kuuzwa mwaka 1961, lakini uwezo wa kukata mbao nene kwa muda mrefu ulipatikana hasa baada ya betri za lithiamu kuingia katika zana hizo miaka ya 2000. Ghala likiwa na umeme wa kuaminika, msumeno wa waya wafaa zaidi, kwani hauna betri ya kununua wala ya kuchakaa.

Katika kuuchagua msumeno, jambo la kwanza ni ubao utakaokatwa. Kenchi nyingi hutengenezwa kwa mbao za mbili kwa nne na mbili kwa sita, ambazo unene wake ni karibu milimita 50. Msumeno wenye bamba la meno la milimita 165 hukata kina cha milimita 55 hivi ukiwa wima, na hiyo yatosha. Lakini ukilazwa nyuzi 45, kina hupungua hadi karibu milimita 40. Paa lenye mikato mingi ya kulaza lahitaji bamba la milimita 190. Kwa kupaua, bamba lenye meno 24 hivi lafaa. Meno mengi zaidi hulainisha mkato lakini hula betri.

Jambo la pili ni betri, na hapa ndipo fedha nyingi za wanachama hupotea. Bei iliyoandikwa dukani huenda ni ya msumeno peke yake, bila betri wala chaja. Tena, betri ya mtengenezaji mmoja kwa kawaida haiingii katika zana ya mwingine. Chama chenye keekee ya betri na kinunue msumeno wa mtengenezaji yule yule. Betri ya volti 18 yenye uwezo wa ampea-saa 5 hubeba wati-saa 90, na ile ya ampea-saa 2 hubeba 36 tu, ingawa zote mbili zimeandikwa volti 18. Fundi ajaribu kwanza kwa mbao zile zile za kazi na kuhesabu mikato. Tuseme betri moja imekata mara 80, na paa lahitaji mikato 240. Basi inahitajika kuchajiwa mara tatu. Betri mbili ndizo za chini kabisa, moja ikiwa kazini na nyingine ikichajiwa.

Hali ya mbao nayo ina uzito. Misonobari kutoka mashamba ya miti kama Rubya, Ukerewe, na Buhindi, upande wa Sengerema, ikikatwa ingali mbichi hulibana bamba na kuimaliza betri haraka. Mbao za paa la zamani nazo zina misumari. Yote ing'olewe kabla ya kukata.

Hatari kubwa ya msumeno huu ni kuruka nyuma kumwelekea fundi. Sababu yake ni rahisi. Ubao ukiegemezwa ncha zote mbili na kukatwa katikati, huinama, na njia ya msumeno hujifunga juu na kulibana bamba linalozunguka. Ubao na uegemezwe upande unaobaki, na kile kipande kinachokatwa kiachwe kianguke chenyewe. Fundi asimame kando ya mstari wa msumeno, na kina kipimwe ili meno yapite chini ya ubao kwa milimita 5 hivi tu. Meno hukata yakipanda juu. Kwa hiyo upande mzuri wa ubao ulazwe chini.

Kifuniko cha kinga kisifungwe kwa msumari wala kabari ili kibaki wazi. Betri ichomolewe kabla ya kubadili bamba au kupima kina. Miwani ya kinga ni lazima, na mbao zilizotiwa dawa zikikatwa, fundi afunike pua na mdomo.

Katibu auandike msumeno, betri na chaja katika daftari la mali, kila kimoja na namba yake, na anayechukua atie sahihi. Betri isiachwe juani, wala isichajiwe ingali na joto la kazi. Ikikaa muda mrefu, ihifadhiwe ikiwa na chaji nusu, mahali pakavu. Inapovushwa kwa mtumbwi kwenda visiwani, ifungwe isiguswe na maji.

Kabla ya kupitisha ununuzi, halmashauri na iwe na mezani orodha ya mbao za paa, hesabu ya mikato, na bei ya msumeno pamoja na betri mbili na chaja. Bila hesabu hizo, bei nafuu ya dukani haiwezi kuthibitishwa kuwa ni nafuu kwa wanachama.