Gofu Kwenye Kinamasi: Maji Kwanza, Nyasi Baadaye

Klabu ya gofu ya Jinja, Uganda, ilivuma kwa kanuni moja: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, mchezaji anauokota na kuudondosha kando bila adhabu. Watu huicheka. Mimi naiona kanuni yenye akili kuliko zote za mchezo huo, kwa sababu inamtambua mwenyeji.

Wasanifu wengi hawakumtambua. Huko Florida, Marekani, Pete Dye aliujenga uwanja wa TPC Sawgrass, uliofunguliwa mwaka 1980, juu ya kinamasi kilichokaushwa. Mchanga mzuri ulipatikana karibu na shimo la 17. Ukachimbwa kujengea sehemu nyingine hadi likabaki genge kubwa, likajazwa maji, na shimo la 17 likawa kisiwa. Ndiyo picha inayopendwa kuliko zote za uwanja huo, na ilitokana na kuchimba kupita kiasi!

Sasa tuseme tajiri anataka mashimo 18 yake binafsi kwenye bonde oevu upande wa Tingi, kusini mwa Tanzania, ambako maji huishia Ziwa Nyasa. Atahitaji kama hekta 50 au 60. Shida kubwa haiko kwenye ukubwa huo, iko kwenye grini, pale mpira unaposukumwa shimoni. Chini ya nyasi zinazokatwa hadi milimita 3 au 4 kuna sentimita 30 za mchanga, kisha sentimita 10 za kokoto, kisha mabomba. Nyasi fupi namna hiyo hulishwa mbolea mara kwa mara, na mchanga hauishiki naitreti ya mbolea hiyo. Mvua moja tu, imeshuka bombani.

Bomba linaishia wapi? Likiishia mtoni, mbolea inafika ziwani na kulisha mwani. Nyasa lina kina cha mita 700 hivi na mlango mmoja wa kutokea, mto Shire. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke haubebi mbolea. Kinachoingia hukaa kwa vizazi. Udongo uliochimbuliwa nao huziba changarawe za mitoni ambako samaki aina ya mbasa hupanda kutaga.

Likiishia kwenye matete, mambo hubadilika. Ndani ya tope lisilo na oksijeni, bakteria huitumia naitreti kupumua na kuirudisha angani ikiwa gesi ya naitrojeni. Fosforasi ni mkaidi zaidi: hung'ang'ania chembe za udongo, kwa hiyo dawa yake ni kuuzuia udongo usitembee. Hilo Wamatengo wa Mbinga walilimaliza zamani kwa ngoro: majani yaliyofyekwa hupangwa kwa miraba, hufunikwa udongo, na katikati hubaki shimo la kunasa maji ya mteremkoni. Msanifu angeanzia huko kabla ya kufungua kompyuta.

Grini zikae kwenye miinuko, mipira ipite juu ya matete, watu wapite kwenye daraja la mbao. Kanuni za gofu zinaruhusu kuyatenga matete yawe eneo lisilochezwa: mpira ukiingia, hauchezwi kutoka humo. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita hizo zipimwe masika, maji yamejaa. Anayepima Oktoba, Aprili ataikuta grini yake majini.