'Willy-nilly': Wapende wasipende au ovyo ovyo?

Taarifa ya Kiingereza ikisema wachuuzi walihamishwa 'willy-nilly', utaitafsirije? Mfasiri mwenye haraka ataandika 'kiholela' aende zake. Huenda amepatia. Huenda pia amefuta kukataa kwa wachuuzi wenyewe.

Kielezi hiki cha mazungumzo hakina uhusiano wowote na bwana aitwaye Willy. Kiini chake ni kitenzi na ukanushi wake. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka wa 1066, 'willan' ilimaanisha kutaka, na 'ne' ilikuwa alama ya kukanusha. Viwili hivyo viligandana vikazaa 'nyllan', yaani kutotaka. Si ajabu, 'never' na 'none' za leo zilizaliwa vivyo hivyo.

Baadaye 'nyllan' ikawa 'nill', na watu wakawa wakisema 'will I, nill I', 'will ye, nill ye', 'will he, nill he'. Yaani nipende nisipende, mpende msipende, apende asipende. Shakespeare aliutumia muundo huu katika Hamlet na pia The Taming of the Shrew. Hebu sasa tamka hayo matatu haraka haraka. Yote yanaishia pamoja: willy-nilly!

Basi 'nill' ikafa, nafsi zikayeyuka, kikabaki kielezi kisicho na mwenyewe. Wasemaji walipoacha kusikia 'kutaka' ndani yake, maana ya pili ilipata mlango: bila mpango, ovyo ovyo. Wapo wanaoiita maana hiyo kosa. Mimi simo, imeshazoeleka, na kamusi zimeikubali.

Kiswahili hakikufika huko. Katika 'wapende wasipende' kiambishi cha nafsi kingali hai, na '-si-' ya ukanushi inasikika waziwazi. Huwezi kuutumia muundo huo bila kumgusa anayelazimishwa. Hapo ndipo mfasiri anapobanwa, kwa sababu Kiingereza kinamwachia anyamaze ilhali Kiswahili kinamuuliza: nani hakutaka?

Sema wachuuzi walihamishwa wapende wasipende, na umesema walilazimishwa, hata kama kila kibanda kilihesabiwa na kuandikwa. Sema walihamishwa kiholela, na umelaumu utaratibu. Pengine kuhama kwenyewe walikuwa wamekubali. Mbele ya hakimu hizo ni kesi mbili tofauti. Mfasiri asome taarifa nzima kwanza, na isipomsaidia, ampigie simu aliyeiandika.