Jiko la Gesi Lipimwe kwa Mwiko

Jumamosi moja asubuhi, ukungu wa Mlima Kenya ukiwa bado umelalia mapaa ya mabati ya mji wa Embu, niliingia katika duka moja la vyombo vya nyumbani nimebeba sufuria kubwa mkono wa kushoto na mwiko mkono wa kulia, na kijana muuzaji, aliponiona nimevishika vitu vile kama askari wa zamani aliyeshika ngao na mkuki, alinikaribisha kwa adabu njema akanielekeza kwa mafundi wa kuziba sufuria, walioko nyuma ya stendi ya matatu. Nikamwambia kuwa sikuja kuziba sufuria. Nimekuja kununua jiko la gesi la kuchomea nyama nje, lile lenye kifuniko na magurudumu na jiko dogo ubavuni, na vyombo hivi viwili ni mashahidi wangu.

"Sawa mzee," akasema huku akizuia kicheko, "lakini hili ni jiko la kuchoma, si la kusonga."

Neno lile lilikuwa ndilo kosa lenyewe lililonifanya nitoke nyumbani na mwiko mkononi. Julai ya mwaka uliotangulia, katika boma letu karibu na Nkubu, tulikuwa na wageni waliokuja kwa shughuli ya posa, na ndugu yetu mmoja, kwa fakhari isiyo na ubaya, alikuwa ameleta kutoka Nairobi jiko la gesi lililong'aa hata kuku wakawa wanajitazama ndani yake. Mbuzi alikuwa juu ya wavu akichuruzika mafuta, na supu ya kichwa na miguu ilikuwa imechemka ubavuni tangu asubuhi pasi na tatizo, kwa kuwa supu haimwombi mpishi nguvu, bali humwomba saburi tu. Ilipoteremshwa supu ikabandikwa sufuria ya ugali, shangazi yangu, ambaye amewasongea watu ugali tangu kabla sijazaliwa, alikunja mikono ya kanzu, akatia unga, akaubana mwiko kwa mikono miwili. Mara ya kwanza meza ya ubavuni ililia. Mara ya pili iliinama. Mara ya tatu misumari ya parafujo iling'oka, sufuria ikateleza polepole kama mtumbwi unaoshuka majini, na ugali wa wageni ukajimwaga majanini mbele ya mbwa, ambao siku ile waliamini kuwa posa ilikuwa yao. Nusu saa baadaye mtungi mdogo wa gesi nao ukazimika, na wazee wa pande mbili wakala nyama iliyoiva upande mmoja, kwa ndizi, kwa ukimya.

Tangu siku ile nimeyafikiri sana majiko haya, na natija ya fikira zangu ni kwamba yatupasa kuyachagua kinyume cha jinsi yanavyouzwa. Muuzaji huanza na kifuniko, na kipimajoto kilichobandikwa juu yake, na mng'aro wa chuma. Jiko la ubavuni hulitaja mwisho, kama mtu atajaye nyongeza ya soko. Wala hakosei kwa jinsi vitu hivi vilivyozaliwa. Huko Marekani, mwaka 1952, George Stephen, mfanyakazi wa kiwanda cha Weber Brothers cha Chicago, alikata boya la chuma vipande viwili, nusu ikawa jiko la makaa na nusu ikawa kifuniko cha kuzuia upepo na mvua, na tangu hapo kifuniko kimekuwa ndicho bwana wa majiko ya uani, hata yale ya gesi yaliyofuata. Jiko la ubavuni likaongezwa kwa ajili ya kupasha mchuzi au maharage ya kopo, vitu vinavyokorogwa kwa vidole viwili. Aliyelibuni hakuwahi kuona ugali ukisongwa, seuze mukimo ukipondwa.

Amma katika nchi hii yetu, kuanzia Timau hadi Kiritiri, nyama ya kuchoma haikai peke yake mezani. Hutanguliwa na supu, hufuatana na ugali au mukimo na kachumbari, na ikiisha huagwa kwa chai ya maziwa. Na aliyekaa katika vibanda vya nyama vya Makutano mjini Meru anajua kwamba mteja husamehe nyama kuchelewa, lakini hasamehi ugali kuchelewa nyama ikiwa imekwisha kukatwa. Basi jiko linaloweza kuchoma tu, kwetu sisi, ni nusu ya jiko, na jiko la ubavuni ndilo tunalonunua hasa, ijapokuwa bei imeandikwa juu ya kifuniko.

Kwa hiyo nilimwomba kijana yule ruhusa, nikaibandika sufuria tupu juu ya jiko la ubavuni, nikautia mwiko, nikasonga hewa. Wateja walisimama kutazama. La kwanza lilitikisika mpaka magurudumu. La pili lilikuwa na meza iliyoning'inizwa kwa kulabu mbili za bati jembamba, nami sikuthubutu kumaliza mzunguko. La tatu, lililokuwa limesukumwa pembeni kwa sababu halina mng'aro, lilikuwa na jiko la ubavuni lililofungwa kwa parafujo nne nzito katika mwili wa kabati lenyewe, na chini yake mhimili wa chuma ulioshuka kwa mshazari mpaka mguuni. Nililisonga hilo kwa uzito wangu wote, wala halikujibu. Tazama kadhalika upana wa vyuma vinavyobeba sufuria, kwani vingi vimekadiriwa kikaango kidogo na sufuria ya kilo nne za unga huviona kama kigoda cha mtoto. Tazama kama jiko limezama kidogo chini ya usawa wa meza, ili upepo wa alasiri usiulaze moto. Na tazama kama magurudumu yana vifungo vya kuyazuia, maana jiko linalotembea wakati wa kusonga humfanya mpishi acheze ngoma asiyoalikwa.

Baada ya uimara huja nguvu. Majiko haya huandikwa nguvu yake kwa BTU, na tarakimu kubwa humlevya mnunuzi. Lakini kilowati moja ni takribani BTU 3,400 kwa saa, na tarakimu ile iliyopambwa kwenye katoni aghalabu ni jumla ya moto wote, wa ndani na wa ubavuni, hivyo sharti uulize kila bomba la moto lina ngapi peke yake. Ubavuni usikubali chini ya kilowati tatu ikiwa unapikia ukoo. Nguvu hiyo huiwahisha sufuria kuchemka, na muda inaouokoa tunauhitaji kwa sababu ya ardhi tunayokaa: mji wa Meru uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Embu uko chini yake kidogo, na kwa kuwa maji hupungukiwa na nyuzi moja ya joto la kuchemkia kwa kila mita 300 hivi za kupanda, maji yetu huchemka karibu nyuzi 95, na yale ya Timau chini ya hapo. Kichwa cha mbuzi hakisomi jiografia, lakini huijua: huchukua muda mrefu zaidi kulainika huku kuliko Mombasa, na githeri vilevile.

Ndani ya kifuniko, chagua mabomba matatu ya moto badala ya mawili, ukiwa na uwezo. Mbuzi wa Mbeere, aliyekulia vichakani akitembea kutwa kutafuta majani, ana nyama tamu na ngumu, na nyama ya namna hiyo haitaki kuvamiwa na moto. Huwashwa mabomba ya kandokando, lile la kati likazimwa, kipande kikubwa chenye mfupa kikakaa katikati chini ya kifuniko mpaka kiive hadi ndani, kisha ndipo hupelekwa juu ya moto kukaushwa ngozi. Kwa mabomba mawili jambo hili ni dhiki; kwa matatu ni starehe.

Wapo watakaosema, na wengi wao ni wajuzi, kwamba nyama ya gesi haina ladha. Nawaheshimu, lakini harufu tuipendayo haitoki yote katika kaa, ambalo likishika moto vizuri halina moshi mwingi. Sehemu kubwa hutoka katika mafuta yanayodondoka juu ya kitu chenye joto kali, yakageuka moshi, yakairudia nyama. Katika jiko jema la gesi, kazi hiyo hufanywa na vibati vilivyokunjwa kama paa la nyumba juu ya kila bomba, na anunuaye jiko lisilo na vibati hivyo ananunua tanuri tu. Mwenye kutaka zaidi aweke vipande vya mzeituni mwitu mkavu ndani ya kikopo cha chuma chenye matundu, akikwepa mbao zilizopakwa rangi au dawa. Fauka ya hayo, makaa nayo si yale ya zamani. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, gunia likawa la kusakwa, ilhali kodi ya VAT ya asilimia 16 iliyorudishwa juu ya gesi Julai 2021 ilipunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, na ikaondolewa mwaka 2023.

Sasa mtungi, ambao ndio uliotuaibisha mara ya pili. Kilo moja ya gesi huweza kulisha moto wa kilowati 13 kwa muda wa saa moja, basi jiko lenye mabomba matatu ya kilowati tatu tatu na jiko la ubavuni la kilowati tatu, likifunguliwa lote, hula karibu kilo moja kila saa. Mtungi wa kilo 6, ambao watu huuita meko, utakufa kabla ya magharibi. Tena hata kabla ya kufa hulemewa, kwa kuwa gesi inapogeuka kutoka umajimaji kuwa hewa huunyang'anya mtungi joto lake, na asubuhi ya Julai yenye baridi huuona ukitoa jasho, kisha moto ukawa mdogo ilhali gesi imo. Kwa jiko la namna hii, nunua mtungi wa kilo 13, na kabla ya kulipa upime kwa utepe kama utaenea ndani ya kabati. Vichwa vya mitungi hii miwili havifanani, na regyuleta ya mmoja haiingii mwingine. Uzito wa mtungi mtupu huwa umegongwa juu ya chuma chake; ukiujua huo, mizani yoyote ya shamba la kahawa itakuambia kilichobaki.

Soma pia kibandiko kilicho nyuma ya jiko. Regyuleta zetu za nyumbani hutoa gesi kwa msukumo wa karibu milibari 30, na jiko lililotengenezwa kwa milibari 50, au kwa gesi ya mabomba ya mjini kama ilivyo katika nchi nyingine, halifai kuungwa hivi hivi. Jiko la milibari 50 litakupa moto mnyonge. Lile la gesi ya mabomba, ambalo vitundu vyake ni vipana zaidi, litakupa moto wa kuunguza nyusi.

Kuhusu chuma, nenda na sumaku. Stenlesi iliyo bora aghalabu haivutwi na sumaku, na ile ya daraja la chini huvutwa, nayo hushika kutu mapema katika mvua za Machi hadi Mei. Wavu wa chuma cha kusubu hushika joto vizuri kuliko wa waya, ila hudai kupakwa mafuta kila baada ya kazi, kama ngozi ya mtoto.

Na usalama si mlango wa kando. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa katika mabonde na vyumba. Kwa hiyo jiko likae nje, si ndani ya hema lililofungwa wala jikoni kwa kukimbia manyunyu. Pakaza povu la sabuni kwenye maungio ya mpira kila unapobadilisha mtungi, na povu likivimba, funga. Fungua kifuniko kabla ya kuwasha. Wala usijaziwe mtungi uchochoroni kwa ajili ya kuokoa shilingi chache: usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, mahali palipokuwa pakijazwa gesi bila kibali, na watu wakapoteza maisha na nyumba zao.

Nililinunua lile la tatu lisilong'aa. Desemba, wageni wale wale waliporudi Nkubu, tuliliweka chini ya mparachichi, mtungi wa kilo 13 kabatini, mbuzi katikati ya wavu, na supu ilipoteremka shangazi alilizunguka jiko mara moja bila kusema neno, akalitikisa kwa nyonga kama mtu anayejaribu nguzo ya ghala. Kisha akatia unga. Alisonga kwa mikono miwili, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nami nilikuwa nimejiinamia nikitazama zile parafujo nne badala ya kuwatazama wageni. Alipomaliza aliugonga mwiko ukingoni mwa sufuria, akanitazama, akasema, "Mwanangu, unachunguza nini huko? Leta sahani."