Mmea wa Msituni Kwenye Kona ya Sebule

Kwenye vitalu vya maua, mmea wenye majani manene yanayong'aa huuzwa kwa jina la ZZ. Ni rahisi kuudhania wa kigeni, maana wakulima wa Uholanzi ndio walioanza kuuzalisha kwa wingi katikati ya miaka ya 1990 na kuusambaza duniani. Lakini kwao ni huku kwetu. Zamioculcas zamiifolia, kwa jina lake la kisayansi, huota wenyewe kuanzia misitu ya pwani ya Kenya hadi Afrika Kusini. Anayetaka kuutunza ndani ya nyumba Malindi au Kilifi na aanze kwa kuuelewa msitu.

Msitu wetu wa pwani una vipindi vya shibe na vya njaa. Masika hunyesha, vuli hupita, kisha kaskazi huvuma na kuanzia Januari hadi Machi ardhi hukauka. Mmea unaoishi chini ya miti, kwenye mchanga au udongo haba juu ya mawe ya matumbawe, lazima uweke akiba. Kile tunachokiona kama shina la ZZ ni uti wa jani moja refu, na vijani vimepangika kando yake. Shina lenyewe limejificha udongoni, nene kama kiazi, limejaa maji. Hata majani, zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji.

Kuna ufundi wa pili pia. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili ivute kaboni dioksidi, na maji hupotelea humo humo. ZZ uliomwagiliwa vizuri nao hufanya hivyo zaidi. Ukame ukizidi, huanza kutegemea usiku: hufungua vitundu kiza kikiingia, huihifadhi kaboni ndani ya seli kama asidi, kisha mchana hufunga na kuitumia asidi hiyo kutengeneza chakula kwa nguvu ya jua. Joseph Holtum na watafiti wenzake walilieleza jambo hili mwaka 2007. Ni nadra katika ukoo wa mmea huu, ambao ndio ukoo wa magimbi.

Sasa utaona kwa nini kumwagilia kila siku ni kuuua. Kiazi kilichokwisha kushiba hakina pa kuyapeleka maji, mizizi hukosa hewa na kuoza. Hewa ya pwani ina unyevu, na chungu kilichowekwa kivulini hukauka polepole kuliko tunavyofikiri. Tia kidole udongoni hadi chini. Ukigusa ubichi, acha. Vijani vikigeuka manjano na uti ukalegea kwenye shina lake, ung'oe mmea, kata palipooza, uache ukauke siku mbili tatu kivulini, kisha uupande upya kwenye udongo mkavu.

Chungu kiwe na tundu. Changanya udongo na mchanga wa mto na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Mchanga wa ufuoni usiutumie, una chumvi. Kwa sababu hiyo hiyo, visima vyetu vingi vyenye maji ya chumvi havifai, nami naona maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa ni bora kuliko yote. Uweke karibu na dirisha, jua la adhuhuri lisiupige. Watoto na mbuzi wasiutafune: una chembe kali za kalsiamu zinazowasha mdomo na koo.

Uzazi wake ndio unaonifurahisha zaidi. Chomoa kijani kimoja, kiache kidonda kikauke, kisha kichomeke wima mchangani na usiwe na haraka. Miezi itapita kijani kikiwa vile vile, huku chini kikijenga kifundo kidogo chenye vizizi. Jani jipya huenda likachukua hata mwaka kuchomoza. Msituni nako ni hivyo hivyo: kiangazi kikikaza, mmea huangusha vijani, na vingine huota palipoanguka.

Kwa hiyo hakuna sababu ya kuchimba viazi vyake katika msitu wa Arabuko-Sokoke wala kwenye misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, ambazo UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2008 na ambazo wazee wamezilinda tangu kale. Mwombe jirani kijani kimoja. Kinatosha.