Juu ya nini pua ya ndege inaruka pale rubani otomatiki inazimwa?

Ku Kamalondo, kijana mwenye kompyuta na mchezo wa kuendesha ndege anaweza kupaa toka Luano bila kutoka mu lupango ya wazazi. Rubani otomatiki inashika kazi, ndege inatulia. Akikaribia kutua, anaizima. Hapo pua inaruka juu ao inaanguka chini. Wengi wanasema mchezo umeharibika. Mara nyingi, hapana.

Nani alikuwa anashika mzigo?

Fikiria kinga iliyojaa mifuko ya makala. Mmoja anasukuma, mwenzake wa nyuma anazuia mzigo usilale upande. Yule wa nyuma akiachilia bila kusema, kinga inalala.

Ndege ni vilevile. Ku mkia kuna bawa dogo linaloinua ao kushusha pua. Trimu ndiyo inalishikilia mahali pake, ili mikono ya rubani isichoke. Ndege ikipunguza mwendo, pua inataka kushuka. Rubani otomatiki inarekebisha kidogo kidogo, bila kelele. Ukiizima, unapokea ndege vile imeachwa. Ku mchezo wa nyumbani tatizo linazidi, sababu springi inarudisha kijiti cha mkononi katikati. Kijiti hakijui rubani otomatiki ilikuwa inashikilia wapi.

Dakika 6 za Addis-Abeba

Mu ndege ya kweli, jambo hili limekwisha kuua watu. Tarehe 10 mwezi wa tatu 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines, shirika ambalo linafika pia Luano, iliruka toka Addis-Abeba kwenda Nairobi. Mara moja kifaa cha kushoto, kinachopima namna pua inakabili upepo, kikatoa namba za uongo: karibu digrii 75, wakati kile cha kuume kilionyesha karibu 15.

Rubani otomatiki ilishika sekunde kama 33 tu, ikaachia. Hapo programu inayoitwa MCAS ikaamka. Ilitengenezwa kufanya kazi pale rubani otomatiki imezimwa na vibawa vya kupaa vimekunjwa. Iliamini kifaa kimoja tu, kile kibovu, ikashusha pua kwa sekunde 9.

Marubani walikata umeme wa trimu, wakajaribu kuzungusha gurudumu lake kwa mkono. Lakini ndege ilikuwa mbio sana, gurudumu likakataa. Umeme uliporudi, MCAS ikasukuma tena. Ndege ilianguka karibu na Bishoftu, dakika 6 tu kisha kuruka. Watu wote 157 walikufa, kati yao Wakenya 32. Hata miezi 5 haikuwa imepita tangu ndege ya aina ileile ya Lion Air ianguke Indonesia na kuua watu 189.

Nini kilibadilika?

Mbele ya ajali hizo, marubani waliozoea 737 za zamani walipewa masomo mafupi ku kompyuta, bila kupita ku simuleta. Tena, mwezi wa tano 2019, Boeing yenyewe ilikubali kwamba programu ya simuleta za MAX ilikuwa na kasoro: haikuonyesha vizuri hali fulani za ndege.

Sasa MCAS inalinganisha vifaa viwili, haisukumi tena na tena, na rubani anaweza kuishinda kwa mikono. Marubani wa MAX wanapaswa kujifunza ku simuleta. Ethiopian Airlines ilirudisha MAX angani mwezi wa pili 2022.

Kwa anayecheza nyumbani, kanuni ni hizi: angalia mwendo na trimu mbele ya kuzima, zima ndege ikiwa imetulia, si wakati inapunguza mwendo, shika kijiti tayari, kisha rekebisha trimu polepole mpaka mkono usilazimike kusukuma tena.