Punje za Maharage kwenye Ungo

Marehemu mjomba wangu wa Liuli alipanga kikosi cha ngoma ya mganda kwa maharage. Alikaa kwenye kigoda, ungo mapajani, akachagua punje moja moja: nyekundu kwa wakongwe wa mchezo, nyeupe kwa vijana, na moja yenye madoadoa kwa mpiga ngoma kubwa. Alisogeza punje kwa kidole cha shahada, akaitazama, akairudisha ilikotoka. Waliomzunguka walijua kila punje ni nani. Kufika saa tano usiku punje moja imeshahamishwa mara nne, na wawili wameaga wamenuna.

Ungo ule ulinijia akilini Mbinga mjini mwezi uliopita, kwa sababu ya mpwa wangu. Kijana huyu ni kocha wa timu ya mpira wa kikapu isiyo na uwanja wala mpira. Timu inaishi kwenye simu. Wachezaji wake wana majina ya kubuni, umri, mshahara, na alama za kila ujuzi: kurusha kutoka mbali, kuzuia, kuwahi mpira uliogonga ubao, pumzi. Mechi huchezwa kwenye kompyuta ya huko iliko, saa iliyopangwa, hata mwenye timu awe amelala. Kazi yake kubwa ni kusema mapema nani aanze, nani akae benchi, nani aingie badala ya nani. Kwa sheria za kimataifa mechi ya kikapu ni dakika 40 na wanaocheza kwa wakati mmoja ni watano, kwa hiyo kocha ana dakika 200 za kugawa. Katika mchezo wake, asiyepewa dakika hakui.

Mwenzetu hagawi. Kuna kitufe. Anakibonyeza, mashine inasoma alama, inawaruka waliochoka na walioumia, inapanga watano na akiba zao kabla hujapepesa jicho.

“Mjomba, mimi nabonyeza tu, halafu naenda kuanika kahawa,” aliniambia.

Sikufurahi, nakiri. Huyu ni Mmatengo kwa baba yake, na Umatengoni kupanga ndiyo kazi yenyewe. Tazama ngolo. Wanaume hufyeka majani mlimani, wakayalaza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima ukawa viraba. Wanawake huja na majembe, wakachimba udongo katikati ya kila kiraba na kuufunika juu ya majani. Yanabaki mashimo yamepangana kama sega la nyuki, maji ya mvua yanatuama humo badala ya kuteremka na udongo, na juu ya matuta yanapandwa maharage, kisha msimu mwingine mahindi. Ukilaza majani ovyo, mvua itakuumbua. Na kabla ya jembe kuna sengu, pale wanaume wa ukoo walipokula pamoja kwa mzee wao, kila nyumba ikileta chakula chake, na katikati ya tonge mambo yakagawanywa: nani alime wapi, nani asaidiwe, kijana gani aonywe. Mpangaji alipanga huku anaangaliwa usoni na wale anaowapanga.

Ufukweni, kwa mama zetu, somo hilo hufundishwa na mganda. Ni mchezo wa wanaume, kama kioda kilivyo cha wanawake, na ulienea pande zote mbili za Ziwa Nyasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Liuli wenyewe vita waliviona mapema. Wajerumani waliita bandari hiyo Sphinxhaven, na Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mizinga. Gwaride la askari likaingia katika ngoma, kama lilivyoingia katika beni ya pwani: mistari iliyonyooka, kaptula na soksi nyeupe, vyeo vya kijeshi, vibuyu vya kupuliza vinavyokoroma mithili ya tarumbeta. Kijiji kimoja hualika kingine baada ya mavuno, wenyeji wakawalisha wageni. Nilipokuwa mtoto makundi mawili yalicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mwamuzi alikuwa umati. Kundi lililobaki na watazamaji jua likizama ndilo lililoshinda. Likikimbiwa, watu husema mchezo umelala, na neno hilo litakufuata mpaka mavuno mengine.

Basi mstari ni jambo zito. Mwenye miguu myepesi hakuwekwa mbele kwa wepesi tu. Mjomba alitaka kujua kama amekosana na jirani yake wa kulia, kama soksi zake zimefuliwa, kama baba yake amechangia mbuzi wa wageni. Mchezaji wa wastani aliyekuja mazoezini kila jioni alimpita fundi anayejionyesha siku ya wageni. Alama ya kitu kama hicho utaiandika wapi kwenye simu?

Nikamsimulia mpwa wangu haya yote kwa majivuno kidogo. Akanisikiliza, akaniuliza, “Na yule mtoto wake je?”

Nani alimwambia? Mama yake, bila shaka. Ni kweli. Mwaka mmoja punje nyekundu ya mbele kabisa ilikuwa mtoto wa mjomba mwenyewe, kijana mzito wa miguu, anayegeuka kushoto wenzake wakigeuka kulia. Usiku ule hakuna aliyesogeza kidole kuelekea punje ile. Kesho yake mchezo ulilala hata kabla ya alasiri, na shangazi zangu wa kioda ndio waliotuondolea aibu. Mashine haina mtoto. Hilo nalo ni la kuhesabu.

Wala macho ya watu wazima wenye vitabu vya takwimu hayakosi kukosea. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu, wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kufika huko. James Harden alichaguliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Sisi tulishangilia, na ningeshangilia tena. Lakini nadhani wapo Memphis ambao hadi leo wanausogeza mstari ule vichwani mwao.

Jioni nilimwomba anionyeshe kikosi. Akabonyeza, majina yakajipanga. Kisha nikaona kidole chake kinateremka hadi chini kabisa ya orodha, kikamshika mzee wa miaka 35 mwenye alama za kusikitisha, kikampandisha kwenye akiba, dakika nne za mwisho.

“Huyu kitufe kinamtupa kila wiki,” alisema. “Kila wiki namrudisha.”

“Ana nini?”

“Hana kitu, mjomba. Ni wa siku ya kwanza, nilipoanza timu. Wenzake wote nimeshawauza.”