Kelele Zenye Hesabu

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Lakini katika mchezo wa karata uitwao briji, ndugu msomaji, kuna uvumaji ambao ni silaha ya mwenye hekima.

Wachezaji ni wanne, kila mtu akielekeana na mwenzi wake, na kila mmoja ana karata 13. Kabla ya kucheza hunadi: upande unaoahidi makubwa zaidi ndio uchaguao turufu. Anayetamka "kopa tatu" ameahidi kula mizunguko 9, yaani 6 ya msingi na 3 juu yake.

Tuseme umepata kopa 7, zikiwamo mfalme, malkia, ghulamu na kumi, na nje ya hizo huna kitu. Ukinyamaza, wapinzani wenye ree na wafalme watajadiliana hatua kwa hatua mpaka waelewane. Basi watangulie, useme mara moja: kopa tatu! Umewakata njia; wakitaka kunadi, hawana budi kuanzia juu, kwa kubahatisha.

Kelele hizo zina bei. Harold Vanderbilt wa Marekani, aliyetunga mwaka 1925 hesabu za briji ya sasa, aliingiza hali ya hatari, ambamo adhabu huwa kali zaidi. Wapinzani wakikupinga kwa adhabu maradufu, pungufu ya mizunguko 3 nje ya hatari hugharimu pointi 500. Ndani ya hatari, pungufu ya 2 tu hugharimu 500 hizo hizo. Ndipo ikazaliwa kanuni: nje ya hatari ahidi 3 zaidi ya uwezo wako, ndani yake 2. Kopa zako zitakula 6. Ongeza 3, zimetimia 9. Katika mashindano, wapinzani walio hatarini wangeweza kuvuna 600 au zaidi, hivyo 500 ni hasara yenye nafuu.

Mtihani mkubwa ni wa mwenzi wako. Asivutwe na wingi wa wafalme wake, ahesabu mizunguko. Akiwa na ree ya kopa na mizunguko 3 ya hakika kwingineko, 7 na 3 ni 10: aseme kopa nne. Akiwa dhaifu lakini ana kopa 4, aseme vilevile, kuinua ukuta. Wapinzani hawatajua lipi ni lipi. Akikosa kopa na nguvu, anyamaze, asijaribu kukuokoa.

Nawe ukishasema, usiseme tena. Umekwisha kueleza yote uliyo nayo. Mwenye uamuzi sasa ni mwenzi wako. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.